Akiba Haiozi: Ugawaji wa Diski za Mashine Pepe katika Usakinishaji wa Linux Unaojiendesha

Utangulizi

Kusini mwa mji wa Taveta, jirani na Mata, lipo Ziwa Jipe. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita juu ya maji ya ziwa hilo, lakini mtu asimamaye ufuoni haoni mstari wala ukuta. Maji ni mamoja, matete ni mamoja, na samaki hawaulizwi pasipoti. Hata hivyo mpaka upo na una nguvu ya sheria, kwa kuwa umeandikwa katika ramani. Chanzo chake ni mapatano ya mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana juu ya mstari utokao mdomo wa mto Umba kuelekea Jipe na Kilimanjaro. Uamuzi ulifikiwa Ulaya. Walioachiwa kuishi na matokeo yake ni watu wa Taveta na wa Upare.

Diski ya kompyuta nayo hugawanywa kwa mistari isiyoonekana. Mwenye kuifungua diski kwa bisibisi hataona ukuta wowote ndani yake. Mipaka yote imo katika jedwali dogo lililoandikwa mwanzoni mwa diski. Zaidi ya hayo, usakinishaji wa Linux unapofanywa ujiendeshe wenyewe, mipaka hiyo huamuliwa na mtu asiyekuwapo, mahali pengine, kabla mashine yenyewe haijazaliwa. Akikosea, wanaoumia ni wale watakaoitumia mashine baadaye.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwanafunzi wa Kiswahili, hususan yule ambaye hajasomea kompyuta, jinsi diski za mashine pepe zinavyogawanywa katika usakinishaji wa aina hiyo. Yanatetea hoja moja: kwamba mgawaji mwenye busara hagawi kila kitu siku ya kwanza, bali humpa kila mmoja cha kumtosha na kuacha akiba ambayo haijapewa jina. Hoja hiyo si ngeni kwa wahenga, ambao walikwisha kusema kwamba akiba haiozi.

Istilahi zinazotumika

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zenye menyu na maelekezo kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kukaa kwenye skrini bila kuona haya. Lakini kutafsiri menyu ni jambo moja, na kueleza utendaji wa ndani wa mashine ni jambo jingine. Kwa hiyo inafaa istilahi chache ziwekwe wazi kabla ya kuendelea.

Kizigeu ni ukuta mwepesi unaotenga chumba kimoja na kingine bila kubomoa nyumba. Katika kompyuta, neno hili hutumika kwa maana ya kipande cha diski kilichotengwa na vingine. Neno ‘sehemu’ lingeweza kutumika, ila lina maana pana mno. Kizigeu humkumbusha msomaji kwamba nyumba ni ile ile moja.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe. Ni programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. Kivumishi ‘pepe’ kimezoeleka kutokana na barua pepe. Kompyuta halisi inayobeba mashine pepe huitwa hapa mwenyeji, na mashine pepe yenyewe huitwa mgeni.

Batli ni daftari la nahodha la kuandikia mambo ya safari. Waandishi wa istilahi wameliazima neno hili la mabaharia kuita faili ambamo kompyuta huandika matukio yake: nani ameingia, programu gani imekwama, na saa ngapi.

Kisakinishi ni programu inayoweka mfumo wa uendeshaji katika diski tupu. Faili la majibu ni maandishi yanayokijibu kisakinishi maswali yake yote mapema, ili kisihitaji mtu wa kukaa kwenye kibodi.

Ramani ya diski

Jedwali la vizigeu lina mitindo miwili mikuu. Mtindo wa zamani, uitwao MBR, hukaa katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512. Kati ya hizo, baiti 446 ni za programu ya kuwashia kompyuta, 64 ni za jedwali lenyewe, na 2 za mwisho ni alama ya kuthibitisha. Kila kizigeu huelezwa kwa baiti 16. Ndiyo maana mtindo huu hauruhusu zaidi ya vizigeu vikuu 4. Tena, kwa diski yenye sekta za baiti 512, hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 hivi. Mtindo mpya, GPT, kwa kawaida hutenga nafasi ya vizigeu 128, na huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni kabisa mwa diski.

Mambo mawili yanafuata kutokana na maelezo haya. La kwanza, ramani ikifutika, data haitoweki papo hapo. Inabaki pale pale ilipokuwa, lakini hakuna ajuaye inaanzia wapi na kuishia wapi. La pili, kuandika ramani mpya ni kazi ya sekunde moja. Kwa hiyo amri ndogo iliyoandikwa kwa uzembe katika faili la majibu inaweza, kabla mtu hajamaliza kupepesa macho, kuondoa mipaka ya miaka mingi.

Diski ya mashine pepe

Mgeni hana diski ya chuma. Anachokiona kuwa diski, kwa kawaida, ni faili moja kubwa ndani ya diski ya mwenyeji. Katika mfumo wa KVM, ambao umekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, faili hilo aghalabu huwa la aina ya qcow2. Mgeni huambiwa kwamba ana diski ya gigabaiti 40, naye huamini. Kumbe siku ya kwanza faili lenyewe halifiki hata gigabaiti moja. Hukua kadiri mgeni anavyoandika.

Jina la diski nalo hubadilika kulingana na aina ya mashine. Kwenye KVM inayotumia viendeshi vya virtio, diski ya kwanza huitwa vda. Kwenye Xen huweza kuitwa xvda. Kwenye kompyuta halisi nyingi huitwa sda, na zile zenye diski za kisasa za NVMe huitwa nvme0n1. Tofauti hii ya majina huonekana kuwa usumbufu, lakini itadhihirika hivi punde kwamba inaweza kuwa ngao.

Shamba na mfereji

Mkulima wa Taveta anajua njia mbili za kugawa mali. Njia ya kwanza ni ya shamba: mawe ya mipaka yanachimbiwa, kila mtu anajua mwisho wake, na anayetaka kuongeza hatua kumi sharti jirani yake apunguze hatua kumi. Katika nchi ambamo mashamba makubwa ya mkonge yalitengwa enzi za ukoloni na wakazi wengi wakabaki bila hati, hakuna haja ya kueleza kwa kirefu jinsi mpaka uliowekwa vibaya mwanzoni unavyosumbua vizazi.

Njia ya pili ni ya mfereji. Maji ya mfereji hayagawanywi kwa mawe. Yanakuja kwa pamoja, kisha yanafunguliwa kuelekea shamba hili au lile kadiri ya haja na zamu. Mgomba uliokauka hupelekewa maji leo; kesho lango hufungwa na maji yakaelekezwa kwingine. Hakuna jiwe linalong’olewa, na hakuna jirani anayebomolewa nyumba.

Vizigeu vya kawaida ni vya njia ya shamba. Kila kimoja kina sekta ya kuanzia na sekta ya kuishia. Iwapo kizigeu cha kwanza kimejaa na cha pili kina nafasi, nafasi hiyo haiwezi kuhamishwa bila kwanza kukisogeza cha pili, kazi ndefu na ya hatari.

LVM ni njia ya mfereji. Mfumo huu uliingizwa katika Linux na Heinz Mauelshagen mwaka 1998, naye aliufuata mfano wa ule uliokuwapo katika HP-UX. Kizigeu kimoja kikubwa, au diski nzima, hukabidhiwa mfumo kuwa malighafi. Malighafi hiyo hutiwa katika bohari. Kutoka katika bohari hukatwa migao, na kila mgao hutumiwa kana kwamba ni kizigeu kamili. Mgao hauhitaji kukaa mahali pamoja katika diski: unaweza kuwa na kipande hapa na kipande kule, na mtumiaji asijue. Kwa hiyo mgao unaweza kuongezwa wakati wowote, mradi bohari haijaisha.

Sharti hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. Wanaweka bohari, kisha wanaigawa yote hadi punje ya mwisho siku ile ile ya usakinishaji. Kwa kufanya hivyo wanajenga mfereji halafu wanauchimbia mawe ya mipaka.

Kwa nini iachwe akiba

Kuongeza na kupunguza si kazi zinazolingana. Mfumo wa mafaili wa XFS, ambao ndio wa kawaida katika Red Hat Enterprise Linux tangu toleo la 7 la mwaka 2014, huongezwa ukiwa kazini bila kuzima chochote. Lakini haukuundwa ili upunguzwe. Mwenye kutaka kuupunguza hulazimika kunakili data kwingine, kuufuta na kuuunda upya. Mfumo wa ext4 unaweza kupunguzwa, ila sharti kwanza ubanduliwe, na kwa mgao wa mzizi maana yake ni kuisimamisha mashine.

Kutokana na tofauti hiyo hupatikana kanuni: aliyepewa kidogo anaweza kuongezewa kesho kwa amri moja; aliyepewa kingi hawezi kupokonywa bila maumivu. Kwa hiyo kosa la kutoa kidogo ni dogo, na kosa la kutoa kingi ni kubwa. Si ajabu kwamba kisakinishi cha seva cha Ubuntu, kinapoachiwa kipange LVM kwa utaratibu wake wa kawaida, huacha nafasi wazi kwa makusudi. Kwa diski ya kati ya gigabaiti 20 na 200, mzizi hupewa nusu tu ya nafasi iliyopo. Wengi hushangaa wakidhani ni hitilafu. Si hitilafu, ni akiba.

Mfano wa shule

Na ichukuliwe kwamba kuna shule ya sekondari ya kubuni katika eneo la Mata yenye seva moja. Seva hiyo inabeba mashine pepe tatu: ya kwanza ya kumbukumbu za wanafunzi na karo, ya pili ya maktaba ya vitabu vya kielektroniki, na ya tatu ya mazoezi ya darasa la kompyuta. Shule haina fundi wa kudumu. Anayeisimamia seva ni mtaalamu aliye mbali, mathalani Voi, ambako kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilichopata hati yake mwaka 2016. Kati ya Voi na Taveta ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Jambo lolote linaloweza kuzuiwa kwa mstari mmoja katika faili la majibu humwokolea mtu safari hiyo.

Kila mashine imepewa diski ya gigabaiti 40. Sehemu ya faili la majibu la mtindo wa Kickstart, unaotumiwa na jamii ya Red Hat, inaweza kuandikwa hivi:

zerombr
ignoredisk --only-use=vda
clearpart --all --initlabel --drives=vda
reqpart
part /boot --fstype=xfs --size=1024
part pv.01 --size=1024 --grow
volgroup bohari pv.01
logvol / --vgname=bohari --name=mzizi --fstype=xfs --size=12288
logvol /var --vgname=bohari --name=shughuli --fstype=xfs --size=10240
logvol /home --vgname=bohari --name=nyumba --fstype=xfs --size=5120
logvol swap --vgname=bohari --name=badili --fstype=swap --size=2048

Mwanafunzi wa lugha ataona jambo la kufurahisha. Amri zenyewe haziwezi kubadilishwa, kwa kuwa ni sheria ya kisakinishi. Lakini majina ya bohari na ya migao huchaguliwa na mwandishi, na mashine haina chuki na Kiswahili. Anayeorodhesha migao miaka mitatu baadaye ataona ‘mzizi’, ‘shughuli’ na ‘nyumba’, na ataelewa bila mkalimani.

Mistari hiyo inasema nini? Mstari wa kwanza huruhusu diski isiyo na jedwali halali ianzishwe bila kuuliza. Wa pili hukiambia kisakinishi kisiguse diski yoyote isipokuwa vda. Wa tatu hufuta vizigeu vyote vya diski hiyo na kuandika jedwali jipya. Wa nne hukiachia kisakinishi kiongeze kizigeu chochote kidogo kinachodaiwa na aina ya mashine ili iweze kuwaka. Wa tano hutenga gigabaiti 1 ya mafaili ya kuwashia. Wa sita huchukua nafasi yote iliyosalia kuwa malighafi, na wa saba huitia katika bohari.

Migao minne inafuata, na vipimo vyake ni vya megabaiti. Mzizi umepata gigabaiti 12, shughuli 10, nyumba 5, na eneo la kubadilishana na kumbukumbu ya mashine 2. Jumla ni 29. Ukitoa hizo na ile 1 ya kuwashia kutoka katika 40, hubaki kama gigabaiti 10, pungufu kidogo kwa sababu ya kile kizigeu cha mstari wa nne. Hiyo ndiyo akiba. Haikuandikiwa mstari wowote. Imepatikana kwa sababu hakuna mgao ulioambiwa ukue hadi mwisho. Neno la kukua limewekwa kwenye malighafi peke yake, na ni muhimu lisihamie kwenye migao.

Kwa nini /var imetengwa na mzizi? Humo ndimo batli zinamoandikwa, na humo ndimo hifadhidata nyingi hukaa. Programu iliyokwama inaweza kuandika lalamiko lile lile mara elfu kwa dakika usiku kucha. Kama batli inakaa pamoja na mzizi, asubuhi mashine nzima imejaa, na msimamizi anaweza kushindwa hata kuingia. Ikiwa imetengwa, kinachojaa ni mgao wa shughuli tu. Mfumo wa karo unaweza kusimama, lakini mashine ingali hai, na mtaalamu aliyeko Voi anaingia kwa mtandao na kuandika:

lvextend -r -L +4G /dev/bohari/shughuli

Mgao unaongezwa gigabaiti 4 kutoka katika akiba, na mfumo wa mafaili unatanuliwa papo hapo. Hakuna aliyepanda gari. Pasipo akiba, amri hiyo hiyo ingejibiwa kwamba nafasi haitoshi.

Wanaotumia Debian hufikia lengo hilo kwa njia nyingine. Faili lao la majibu, la mtindo uitwao preseed, lina mstari unaoeleza ni kiasi gani cha bohari kigawanywe:

d-i partman-auto-lvm/guided_size string 75%

Wengi huandika ‘max’ mahali pa asilimia, kwa kuwa ndivyo mifano mingi ilivyo. Neno hilo moja ndilo humaliza akiba.

Kosa lisilorekebishika

Kati ya mistari yote iliyotolewa, wa kutisha zaidi ni ule wa kufuta. Chukulia kwamba mwandishi ameacha mstari wa pili, na katika wa tatu ameandika ‘clearpart --all’ bila kutaja diski. Katika mashine pepe yenye diski moja hakuna kitakachoharibika, na faili litaonekana kuwa zuri. Litatumika mara kumi bila tatizo. Siku ya kumi na moja mtu atalitumia kusakinisha kompyuta halisi, na nyuma yake imechomekwa diski ya nje yenye nakala za kumbukumbu za wanafunzi wa miaka mitano. Kisakinishi hakitauliza, kwa sababu kimekatazwa kuuliza. Kitafuta vyote viwili.

Hapo ndipo lile jina la diski linapogeuka ngao. Faili linalotaja vda waziwazi, likiletwa kwenye kompyuta halisi yenye sda, halitaipata diski linayoitafuta. Usakinishaji utasimama kwa kosa, na mtu atakasirika kwa dakika tano. Hasira ya dakika tano ni bei ndogo sana. Kwa hiyo faili la majibu linalokubali kila diski si faili bora. Faili bora ni lile linaloijua diski yake na kukataa nyingine.

Tahadhari ya pili inawezekana pia. Kickstart inaruhusu hati fupi iendeshwe kabla ya ugawaji kuanza. Hati hiyo inaweza kupima ukubwa wa diski na kusitisha kazi iwapo si ule uliotarajiwa. Diski ya gigabaiti 40 kwa hesabu ya kompyuta ina baiti 42,949,672,960 kamili. Diski yenye ukubwa tofauti si ile iliyokusudiwa, na haipasi kuguswa.

Ahadi zinazozidi mali

Limebaki jambo la mwenyeji. Imeelezwa kwamba faili la qcow2 hukua kadiri linavyotumiwa. Ikiwa mwenyeji ana gigabaiti 100 za nafasi, na wageni watatu wameahidiwa 40 kila mmoja, jumla ya ahadi ni 120. Ahadi imezidi mali kwa gigabaiti 20. Jambo hili si kosa lenyewe; hufanywa kila mahali, kwa kuwa ni nadra wageni wote wajaze diski zao kwa pamoja. Ni sawa na mfereji unaohudumia mashamba mengi kuliko maji yake: wakati wa masika hakuna anayelalamika.

Shida huja kiangazi. Siku diski ya mwenyeji inapojaa, kila mgeni bado anaona kwamba ana nafasi tele, lakini akiandika, maandishi hayana pa kwenda. Kwa kawaida KVM humsimamisha mgeni huyo hadi nafasi ipatikane. Wote watatu wanaweza kusimama kwa pamoja, hata yule ambaye hakuwa na kosa. Tena, mgeni anapofuta faili, nafasi hairudi kwa mwenyeji yenyewe. Sharti diski iwe imeruhusiwa kupokea taarifa za ufutaji, na mgeni azitume, mathalani kwa amri ya fstrim.

Kwa hiyo akiba inahitajika ngazi zote mbili. Akiba ya ndani ya mgeni husaidia mgao mmoja; akiba ya mwenyeji husaidia wageni wote. Na akiba ya ndani ina faida nyingine: nafasi isiyogawiwa haiandikwi, na isiyoandikwa haimgharimu mwenyeji kitu.

Mwenyeji akiwa na nafasi ya kutosha, diski ya mgeni yenyewe inaweza kukuzwa. Hufuata hatua tatu: kuongeza ukubwa wa diski upande wa mwenyeji, kukitanua kizigeu chenye malighafi upande wa mgeni, na kuijulisha LVM kwa amri ya pvresize. Hatua ya pili inawezekana kwa wepesi iwapo tu kizigeu hicho ni cha mwisho katika diski. Nyumba iliyo mwisho wa kiwanja huongezwa chumba. Iliyobanwa katikati haina pa kuelekea. Mwenye GPT akumbuke pia kwamba nakala ya pili ya jedwali, iliyokuwa mwishoni mwa diski, sasa imebaki katikati na sharti ihamishwe. Chombo cha growpart hutekeleza yote mawili.

Hitimisho

Ugawaji wa diski huonekana kuwa hesabu, na kweli ni hesabu. Lakini chini ya hesabu hiyo pana maamuzi kuhusu watu: mhasibu atakayefungua mfumo wa karo Jumatatu asubuhi, mwanafunzi anayesoma kitabu kutoka maktaba, na mtaalamu atakayeitwa usiku. Usakinishaji unaojiendesha huyafanya maamuzi hayo mapema na kuyarudia katika kila mashine bila kuuliza. Wema ulioandikwa katika faili hurudiwa mara mia, na kosa vilevile.

Makala haya yameonyesha kwamba mambo matatu hulinda mashine: kuitaja kwa jina diski inayoruhusiwa kuguswa, kutenga kinachojaa na kisichojaa, na kuacha sehemu ya bohari bila kuigawa. Kati ya hayo, la tatu ndilo hupuuzwa zaidi, kwa kuwa nafasi iliyo wazi humfanya mtu adhani kwamba kazi haijakwisha. Kumbe iliyoachwa wazi ndiyo sehemu ya kazi itakayomfaa yule ajaye.

Maswali ya marudio

1. Eleza kwa nini kufutika kwa jedwali la vizigeu si sawa na kufutika kwa data yenyewe.

2. Mashine pepe ina diski ya gigabaiti 60. Andika mpango wa migao utakaobakiza akiba ya robo ya diski, na utetee kila kipimo.

3. ‘Faili bora la majibu ni lile linaloweza kukataa.’ Jadili kauli hii kwa kurejelea majina ya diski.

4. Mwenyeji mwenye gigabaiti 200 amewaahidi wageni sita gigabaiti 50 kila mmoja. Ahadi imezidi mali kwa kiasi gani, na ni dalili zipi zitakazoonekana siku mali itakapokwisha?

5. Pendekeza istilahi nyingine ya Kiswahili badala ya ‘kizigeu’ na ueleze ubora na udhaifu wake.